Mack B-61: anza na namba ya chesisi

Ndugu yangu, umeuliza utajuaje lori lako la Mack B-61 lilitoka kiwandani na injini na giaboksi gani, maana karatasi za usajili zinasema tu 1962. Usitegemee kibao cha namba peke yake. Vibao huhamishwa kutoka lori moja kwenda jingine, na milango pia. Chukua brashi ya waya, kwangua rangi na grisi kwenye chuma cha chesisi, yaani fremu inayobeba lori, sehemu ya mbele, mpaka uione namba iliyogongwa. Itaanza na B61, kisha herufi na tarakimu. Isugue na chaki ndipo uipige picha, la sivyo 3 utaisoma 8.

Halafu waandikie makumbusho ya Mack kule Allentown, Pennsylvania. Wanatunza rekodi za chesisi: injini, giaboksi, difu (gia za ekseli), hata mteja wa kwanza. Malori ya Mack ya aina ya B, kama hili lako, yalitengenezwa 1953 hadi 1966, na mengi yameshabadilishwa injini tangu hapo, kwa hiyo usishtuke rekodi ikitofautiana na unachokiona chini ya boneti. Mwaka wa usajili nao usiukumbatie sana. Lori liliweza kukaa kwa muuzaji miezi kadhaa kabla ya kuandikishwa.