Anzia Chini ya Mti: Kwa Wanaoanza Kazi ya Kutunza Miti

Mti ulionifundisha kazi hii ulianguka ukiwa na majani mabichi. Ulikuwa mjohoro mkubwa, nyuma ya nyumba moja hapa Tanga, nasi tuliitwa kupunguza matawi yaliyolalia paa. Tuliukuta umepakwa chokaa kutoka chini hadi usawa wa kifua, kama miti mingi ya mjini inavyopakwa. Nikapanda, nikafunga kamba, tukakata kutwa nzima, tukalipwa. Wiki tatu baadaye masika yakaingia, na usiku mmoja mti wote ukang'oka ukalalia ukuta wa jirani. Hakuna aliyeumia. Asubuhi nilisimama pale nikaitazama mizizi, imekatika laini kama mkate uliolowa maji, nikazikumbuka saa zote nilizoning'inia kule juu.

Dalili zilikuwepo. Nyuma ya shina, upande wa ukutani, ulikuwepo uyoga mgumu, mpana kama kiganja, uliotokeza kama kipande cha sinia kilichochomekwa kwenye gome. Aliyepaka chokaa aliupaka na wenyewe. Ukutani na kwenye majani ya maua ya chini kulikuwa na vumbi la kahawia, kama unga wa kakao. Nililiona, nikadhani ni vumbi la barabarani. Kumbe ndizo mbegu za uyoga ule. Mama mwenye nyumba alikuwa ameniambia, "Mwanangu, mti huu ni mzima, si unaona ulivyo kijani?" Nikakubaliana naye, kwa sababu na mimi nilikuwa natazama juu.

Uyoga ule ni wa jamii ya Ganoderma. Juu huwa wa kahawia au mwekundu wa kutu, mara nyingi unang'aa kama fanicha iliyopigwa vanishi, na chini ni mweupe. Ukiukwaruza kwa ukucha upande wa chini, aghalabu alama hubaki ya kahawia. Mkiuona kwenye kitako cha mti ulio hai, jueni kwamba hilo ni tunda tu, kama embe lilivyo tunda la mwembe. Mwili wa kuvu yenyewe uko ndani ya mbao na mizizi, na kwa kawaida umekuwa ukila humo kwa miaka kabla ya kuzaa. Kuubandua uyoga na kuutupa hakuutibu mti. Kunamnyima fundi atakayekuja baada yenu dalili ya kumwokoa.

Sasa nimesema "mjohoro". Swali la kwanza ambalo mngepaswa kuniuliza ni: mjohoro gani? Huku kwetu jina hilo hubeba miti miwili. Upo Delonix regia, ule wa maua mekundu yanayowaka mwishoni mwa mwaka, ambao wengine huuita mkrismasi. Na upo Senna siamea, wa maua ya njano, unaopandwa kwa kuni na nguzo. Wa kwanza mbao zake ni nyepesi, mizizi yake husambaa juujuu, na kidonda kikubwa huoza upesi. Wa pili ukiukata hadi kisiki huchipua tena kwa nguvu. Mteja akikwambia kwa simu "nina mjohoro", bado hujaambiwa kitu. Mwarobaini ni hivyo hivyo: watu wengi huuita kwa jina hilo hata mmelia, Melia azedarach. Shika jani. La mwarobaini lina kikonyo kimoja chenye vijani pande mbili. La mmelia kikonyo hugawanyika tena, vijani vikatoka kwenye matawi yake.

Ndiyo maana nawasihi mjue mti kabla hamjataja ugonjwa. Mkungu ukigeuza majani kuwa mekundu na kuyamwaga, hauumwi, ndiyo tabia yake. Yuko kijana niliyemkuta anamuuzia mzee mmoja dawa ya kunyunyizia mkungu wa namna hiyo, na iliniuma sana, kwa sababu mzee alitoa hela yake kutibu mti mzima. Faidherbia albida humwaga majani wakati wa mvua na kuchipua kiangazi, kinyume na wenzake. Asiyeujua atasema umekufa. Kwenye kukata ni vivyo hivyo. Mwarobaini unavumilia kupunguzwa sana, lakini mti wa saipresi ukikatwa nyuma hadi sehemu isiyo na majani hauchipui tena pale, na utabaki na pengo hilo maisha yake yote.

Kuutambua mti si lazima usubiri maua. Chuna jani uone kama linatoa maziwa meupe, kama yafanyavyo mikuyu, mifenesi na mivule. Lisugue ulinuse, mkaratusi hujitaja wenyewe. Jani changa la msaji ukilifikicha vidoleni huacha wekundu. Mninga ukikatwa gome hutoa utomvu mwekundu kama damu, na tunda lake ni duara lenye ubawa mwembamba kuzunguka kitovu chenye miiba. Okoteni yaliyoanguka chini, yawekeni katikati ya magazeti, andikeni siku na mahali. Msitumie nailoni, majani huoza humo kabla hujafika nyumbani. Kwa walio karibu na Muheza, pandeni mlimani hadi Amani, huko Usambara Mashariki. Wajerumani walianzisha pale bustani ya mimea mwaka 1902 na kupanda miti kutoka pande nyingi za dunia. Siku moja ya kutembea Amani na mtu anayeijua ilinifaa kuliko mwezi wa kubahatisha mitaani.

Turudi kwenye uozo, kwa sababu hapa ndipo watu hufia. Kuna kuvu zinazokula sehemu zote za mbao, zikaiacha nyeupe, laini, yenye nyuzinyuzi kama pamba iliyolowa. Huo ni uozo mweupe, na Ganoderma iko humo. Kuna nyingine zinazokula zile nyuzi za nguvu na kuacha kitu cha kahawia kinachopasuka vipande vya mraba, ukikifinya kinakuwa unga. Huo ni uozo wa kahawia. Tawi lenye uozo mweupe mara nyingine hupinda na kulia kabla ya kukatika. Lenye uozo wa kahawia hukatika ghafla, kama chaki. Basi ukikuta chini ya tawi vipande vya kahawia vya mraba, usilifungie kamba tawi hilo hata kama linaonekana nene.

Ipo moja inayonitia hofu kuliko zote, kwa sababu hapa kwetu inajificha vizuri. Inaitwa Kretzschmaria deusta. Haifanani na uyoga kabisa. Ni ukoko mweusi, mkavu, wenye vinundu, kwenye kitako cha shina na katikati ya mizizi, kama gome lililoungua. Na sisi tuna desturi ya kuchoma takataka chini ya miti! Kwa hiyo kila mtu hupita akasema, "Hapo walichoma moto." Chuchumaa. Tafuta majivu, angalia kama gome la jirani limebabuka. Kisha bonyeza ule weusi kwa ncha ya kisu: ukoko wa kuvu huvunjika vipandevipande. Mti wenye hiyo unaweza kuwa na majani tele, huku kitako chake kimeshakuwa kikavu cha kukatika kama kauri.

Chukueni nyundo ya mbao, gongeni shina kuzunguka, kutoka ardhini hadi mkono unapofika. Mti mzima hujibu kwa mlio mkavu na mfupi. Penye uwazi mlio huwa kama wa ngoma. Fanyeni hivyo kwa miti mingi mizima kwanza, ili sikio lipate cha kulinganisha.

Kwenye majani msikimbilie kusema "ugonjwa". Weusi kama masizi juu ya majani ya mwembe, ufute kwa kidole. Ukifutika na jani likabaki kijani, hiyo ni kuvu inayokula maji matamu yanayodondoshwa na wadudu wafyonzao utomvu. Geuza jani utawaona, na sisimizi watakuwa wanapanda na kushuka. Tatizo ni wadudu. Unga mweupe kwenye maua ya mwembe au mkorosho ni habari nyingine, huo ni ubwiri unga. Madoa ya kijivu na kijani yaliyobandika kwenye gome la mti mzee, yaacheni. Hayali mti.

Wanaoenda kufanya kazi kwenye nyanda za chai wataikuta Armillaria, kuvu inayoozesha mizizi. Fukua kidogo penye shingo ya mzizi, banua gome: ukiona utando mweupe kama karatasi, wenye harufu ya uyoga, ndiyo hiyo. Hupita mzizi kwa mzizi, na hukaa miaka kwenye visiki vya msitu uliokatwa. Wakulima wa chai wa zamani walikuwa wakibandua gome kuzunguka mti wa msituni na kuuacha ufe umesimama kabla ya kuukata, ili wanga wa mizizini uishe na kuvu ikose chakula. Nauheshimu sana ujuzi huo.

Na jambo la vidonda. Mmarekani Alex Shigo alipasua maelfu ya miti kwa msumeno kuona yanayotokea ndani, akaonyesha kwamba mti hauponi kama mwili wetu uponavyo. Huujengea uozo kuta, kisha huota mbao mpya kwa nje. Ukikata tawi ukala na ule uvimbe wa shingo yake, pale linapotokea kwenye shina, umebomoa ukuta kabla haujajengwa. Rangi na oili chafu juu ya kidonda hazizuii uozo. Najua wateja huziomba. Waelezeni kwa upole na kwa heshima, wengi huelewa.

Nina mwembe mmoja ninaoufuatilia, ulikatwa kichwa chote na watu wengine, jua likachoma matawi. Mwaka huu umeota vile viuyoga vidogo vya kijivu, kama vipepeo vya kupepelea moto, vyenye mikunjo iliyopasuka kwa chini, Schizophyllum commune. Viko upande wa magharibi tu, palipoungua. Nimeweka alama ya mkaa vilipoishia. Vuli nitarudi kuangalia kama vimevuka.