Watoto wetu, kivuli cha miembe na watu wanaolala pale

Tabora hatuna bustani za watoto zenye bembea na geti la tiketi. Tuna miembe. Chini ya miti ile mikubwa ndiko sebuleni kwetu siku za Jumapili: unatandika khanga, watoto wanakimbizana, mtu anapita na kashata, jua linashuka. Lakini kivuli hicho kina wenyewe wengine pia. Kwenye uwanja ninaopeleka wanangu, usio mbali sana na stesheni, kuna watu wanaolala palepale, na siku hizi huwakuti usiku tu. Wazazi wenzangu wengi wameacha kwenda. Wengine wanataka mgambo wapite na virungu, wasafishe.

Mimi bado naenda, na nina watoto watatu, wa mwisho yuko chekechea. Simwonei mtu huruma ya kijinga. Mambo ya kuogopa pale yapo. Ila nimekaa pale muda wa kutosha kuona kwamba tunaogopa watu wasio wenyewe, kisha tunalegea pale pa kukaza.

Anza kwa kujua nani yuko pale, maana si kundi moja.

Kuanzia mwezi wa sita hivi utaona vijana wa kiume wenye mfuko wa sandarusi na kandambili zilizokwisha. Wengi ni vibarua wa tumbaku. Wametolewa mbali, wengi upande wa Kigoma, wakapelekwa mashambani Urambo, Kaliua au Sikonge kwa ahadi kwamba watalipwa msimu ukiisha, yaani tumbaku ikishauzwa. Miezi yote hiyo wamekula kwa daftari la mwenye shamba. Siku ya hesabu makato yanameza mshahara, au malipo ya soko yamechelewa, au tajiri anageuka tu. Kijana anafika mjini hana nauli, anaona aibu kurudi kwao mikono mitupu, anajibanza stesheni, akifukuzwa stesheni anakuja kwenye miembe. Sasa na ujenzi wa reli ya SGR wameongezeka wanaokuja kubahatisha kazi. Watu hawa hawana habari na mtoto wako. Ukipata nafasi ya kuongea nao, waambie jambo moja ambalo wengi hawalijui: malalamiko ya mshahara yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, na muda wake ni siku 60 tangu mgogoro uanze. Kama ni kufukuzwa kazi, siku 30. Anayekaa chini ya mwembe akisubiri tajiri abadilike moyo, siku zake zinahesabika bila yeye kujua.

Wapo bibi. Hawa wananiuma zaidi. Mikoa yetu, Tabora na jirani zetu wa Shinyanga, ina historia mbaya ya kuwasingizia vikongwe uchawi kwa sababu ya macho mekundu. Macho yenyewe yameharibiwa na moshi wa jikoni, kuni na samadi kavu, miaka hamsini mtu anapulizia moto. Kwa hiyo ukimkuta bibi anaomba, usimwulize mbele ya watu kwa nini harudi kwao. Huenda kwao ndiko alikokimbia.

Yupo mgonjwa wa akili anayeongea peke yake. Huyu ndiye anayetishwa na kutisha kuliko wote, na hapa nitakuwa mkali kwa wazazi. Mara nyingi ukisikia “chizi kawakimbiza watoto”, uliza nani alianza kurusha jiwe. Nimeona kwa macho yangu watoto wa shule, wenye sare, wakimzomea mtu mzima mpaka anyanyuke, na wazazi wamekaa wanacheka. Mwanangu akizomea mgonjwa tunaondoka palepale, hata kama soda haijaisha. Ugonjwa ukimzidi mtu, anajipiga au anatishia, ipo Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008. Ndugu, polisi au ofisa ustawi wa jamii anaweza kumfikisha hospitali, na kwetu hospitali ya rufaa ya mkoa ni Kitete. Hiyo ni njia. Kumfunga kamba si njia.

Halafu vijana wa gundi. Hapa sina maneno ya kubembeleza: kijana akiwa na chupa puani, hamisha watoto. Gundi inamwondolea njaa na baridi, lakini inampindua ghafla. Aliyekuwa anacheka dakika hii anaweza kukurukia dakika ijayo. Ondoka taratibu, bila kelele, bila kumtukana. Na tafadhali msiwakimbize. Mtu aliyetoka kuvuta vitu hivyo akishtuliwa na kukimbizwa, moyo unaweza kupiga vibaya na akafa hapohapo. Hilo wahudumu wa afya wanalijua, walinzi wetu hawalijui.

Sasa upande wetu sisi.

Sisi huku tunamlea mtoto amwamkie kila mkubwa. Ni malezi mazuri na sina mpango wa kuyaacha. Binti yangu akipita mbele ya mzee aliyelala kwenye benchi anasema, “Shikamoo babu,” na babu anainua kichwa, “Marahaba mjukuu wangu, mnaendeleaje na masomo?” Watu waliokaa karibu hushangaa. Mimi naona hiyo ndiyo salamu inayomkumbusha mzee kwamba bado ana umri na heshima yake. Pia inanifaa mimi, maana mtu anayekujua kwa salamu ndiye atakayekwambia, “Mama, kijana wako kaelekea kule kwenye mtaro.” Imeshanitokea, na aliyeniambia hakuwa na viatu.

Ila malezi hayohayo yana tundu. Tunamfundisha mtoto kwamba mkubwa yeyote anaweza kumtuma. “Mwanangu, hebu nikimbilie vocha pale.” “Njoo unishikie hii.” Mtoto aliyelelewa vizuri anakwenda, na mwovu anajua hivyo. Na mwovu huyo haji na matambara. Anakuja na shati limenyooshwa, anaitwa anko, pengine ni jirani, pengine anajua jina la baba yake. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliofanyika mwaka 2009, ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Mahali palipotajwa sana na wasichana ni nyumbani kwa mtu na njia ya kwenda na kurudi shule. Tunakazia macho benchi, tunaacha sebule.

Kwa hiyo nyumbani kwangu kuna kanuni. Kuamkia ni lazima. Kutumwa ni mpaka mama au baba aseme. Jibu tumelifanyia mazoezi kama igizo, baba yao akiwa anko mbaya (anaigiza vizuri mno, nimemwambia asirudie): “Subiri nikamwulize mama.” Halafu mtoto anageuka na kuja kwangu akikimbia, hata kama mtu yule anaita, hata kama anasema, “Huna adabu wewe.” Mkubwa mwema hatakasirika. Na chochote cha kula kinachotoka kwa mtu kinapita mikononi mwangu kwanza, awe ombaomba au mwinjilisti. Wifi yangu alisema nawafundisha watoto kiburi. Alibadilika baadaye, baada ya jambo la kwenye familia yake ambalo si langu kulisimulia.

Kukaa kwenyewe hakuna elimu kubwa. Kaa upande wa barabara penye wauza karanga na bodaboda, si nyuma kabisa kwenye mtaro. Tembeza macho na fimbo kabla ya kutandika. Viroba vya pombe vilipigwa marufuku mwaka 2017 lakini chupa ndogo za pombe kali zimechukua nafasi yake, na vioo vyake viko majanini. Mtoto asiende chooni peke yake, hata wa darasa la sita. Saa kumi na mbili na nusu jioni anza kufunga virago, giza la Tabora likiamua kushuka halikusubiri. Simu weka mfukoni. Mzazi anayeangalia video hachungi.

Suala la watoto wanaoishi pale ni gumu zaidi, kwa sababu wanataka kucheza na wako. Mimi huwaruhusu wacheze mbele yangu. Pesa siwapi. Sarafu ya mtoto mdogo inachukuliwa na mkubwa wao kabla hujafika nyumbani, na mara nyingi inaishia kwenye gundi. Nawapa chakula, na wanakila palepale, sote tukiwa tumekaa. Usiwapige picha za kurusha mtandaoni ili watu wakusifu. Mtoto yule ana haki ya kutokuonyeshwa akiwa mchafu, kama wako alivyo nayo.

Lakini chapati moja haimwondoi mtoto barabarani. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu mtoto anayezurura bila makazi, au anayeombaomba, kuwa ni mtoto anayehitaji matunzo na ulinzi. Sheria hiyohiyo inamtaka mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa serikali ya mtaa. Piga 116, ni ya bure, ni simu ya watoto ya taifa. Ukipiga usianze na hadithi ndefu. Sema mahali hasa, alama iliyo karibu, umri wa kukadiria, ameonekana saa ngapi, yuko na nani, na kama ana jeraha au ujauzito. Kama ameumizwa au kubakwa, nenda naye polisi, uliza Dawati la Jinsia na Watoto, usikubali kuambiwa uje kesho. Mimi niliwahi kuzungushwa na ofisi moja ya umma, huyu ananipeleka kwa yule, mpaka nikaandika barua, nikataka nakala yangu igongwe muhuri wa kupokelewa. Baada ya muhuri walimtafuta mtoto. Karatasi ina nguvu nchi hii.

Mama mwenye watoto wanaolala nje usimpeleke polisi. Mpeleke kwa ofisa ustawi wa jamii, na kama anaogopa, fuatana naye. Watu watakwambia, “Kwani TASAF si ipo?” Ipo, ni mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, lakini kaya hizo zinatambuliwa kwenye mkutano wa kijiji au mtaa, na majirani ndio wanaokutaja. Asiye na mtaa hana wa kumtaja. Ndiyo maana mwenyekiti wa mtaa lazima aingizwe, na ofisa atafute alikotoka, kama panarudika.

Na wale wa “wasafishwe”? Tumeshajaribu kama taifa. Mwaka 1983 ilikuja kampeni ya Nguvu Kazi, watu wakakusanywa mijini wakapelekwa vijijini, wengi wakarudi. Kanuni ya Adhabu bado ina vifungu vya uzururaji, 176 na 177, na mgambo wanavipenda kwa sababu havihitaji ushahidi mwingi: umeonekana tu. Lakini Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyo hapahapa kwetu Arusha, ilitoa maoni yake tarehe 4 Desemba 2020 kwamba sheria za namna hiyo zinakinzana na Mkataba wa Afrika, kwa kuwa zinamwadhibu mtu kwa hali yake, si kwa tendo lake. Jirani yangu ananiita wakili wa ombaomba. Sawa. Aliyetenda akamatwe, awe na kwake au asiwe na kwake.

Pale kwetu wazazi wachache tulikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa na maombi mawili: taa ya upande wa choo, na choo chenyewe kisifungwe alasiri, maana kikifungwa kila mtu anakwenda mtaroni na watoto wanakanyaga. Tukapendekeza mmoja wa wale vijana wa tumbaku waliokwama alipwe kufagia na kushika ufunguo. Choo sasa kinafunguliwa hadi jioni. Taa tumeahidiwa. Mpaka iwake, tunaondoka mapema.