Jibu: Modemu ya 14,400 hupitisha baiti ngapi kwa sekunde?

Salaam, ndugu. Umeeleza kwamba umegawa 14,400, kasi ya modemu yako (kifaa kinachounganisha kompyuta na laini ya simu), kwa 8, kwa kuwa baiti moja ni biti 8, ukapata baiti 1,800 kwa sekunde, ilhali faili lako la megabaiti 1 linachukua dakika 12 badala ya dakika 10 kasoro.

Kwanza hakikisha kwamba namba hiyo ni ya biti, wala si ya baudi. Nilipokuwa nikifufua modemu za zamani, kosa hilo ndilo lililonisumbua kuliko yote, kwa sababu baudi huhesabu mabadiliko ya mawimbi kwenye laini: modemu ya V.32bis (kiwango cha modemu za 14,400) huyabadilisha mara 2,400 kwa sekunde, na kila badiliko hubeba biti 6 za data, ndipo inapopatikana 14,400.

Kwako namba ni sahihi. Kigawanyo ndicho chenye kasoro. Pasipo urekebishaji wa makosa, biti 8 za kila baiti husafiri na biti 1 ya kuanzia na 1 ya kumalizia, kwa hiyo gawa kwa 10, upate baiti 1,440. Baiti 1,048,576 za faili lako zitahitaji sekunde 728 hivi, yaani dakika 12 na sekunde 8.

Modemu zote mbili zikikubaliana kutumia V.42, yaani kiwango cha urekebishaji wa makosa, biti hizo za ziada huondolewa, na kugawa kwa 8 hukaribia ukweli. Kwa zile za 56,000, anza na kasi inayoonyeshwa baada ya kuunganishwa, wala si ile iliyoandikwa kwenye boksi.