Kabla hujaongeza dawa, tafuta maumivu: kwa mnaoanza kazi ya ulezi

Mnaoanza kazi ya kuwalea watu wenye ulemavu wa akili, usonji, kifafa au magonjwa ya akili hapa Dodoma, mapema sana mtakabidhiwa ufunguo wa kabati la dawa. Maelezo yanayokuja na ufunguo huo mara nyingi ni machache: huyu anakunywa hivi, yule vile, basi. Hayatoshi. Nawaandikia yale ambayo kila mlezi mpya anapaswa kuambiwa kabla hajafungua kabati hilo.

Ulemavu wa akili si ugonjwa wa akili. Aliyezaliwa na ugonjwa wa Down, au mwenye usonji, hana kidonge cha kumwondolea hali hiyo, na mzazi anayekuja na tumaini hilo anastahili kuambiwa ukweli kwa upole. Lakini mtu huyohuyo anaweza kupata sonona au skizofrenia (ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie au aamini yasiyokuwepo), au akawa na kifafa, na hayo yana dawa. Kwa hiyo kila kidonge kilichomo kabatini, ujue kimewekwa kwa ajili ya nini. Ukiuliza "hii haloperidoli," ambayo ni dawa ya magonjwa ya akili kama skizofrenia, "ni ya nini?" ukajibiwa "ya kumtuliza," endelea kuuliza. Anatulizwa nini? Nani aliamua, na daktari aliitazama upya lini? Uingereza, mwaka 2016, ilibidi waanzishe kampeni ya kitaifa kwa sababu watu wengi wenye ulemavu wa akili walikuwa wanapewa dawa za magonjwa ya akili wasizozihitaji, wengine kwa miaka. Nchi yenye madaktari wengi kuliko sisi ilifika huko. Na sisi tunaweza kufika.

Asiyeweza kusema "naumwa" atapiga kichwa ukutani, atajing'ata mkono, atasusa ugali, atalia usiku kucha. Ukiona tabia imebadilika ghafla, anza na mwili. Tazama meno. Tazama masikio. Uliza amepata choo lini, mkojo ukoje, kama ni binti yuko kwenye siku zake. Nimemlea kijana asiyezungumza ambaye alianza kujipiga sikio la kushoto, hasa akilazwa ubavu huo. Watu wakaanza kusema aongezewe dawa, kwamba ugonjwa umerudi kwa nguvu. Tukamtoa nje kwenye mwanga, tukamwinamisha kichwa taratibu, usaha ukaonekana. Alitibiwa sikio, na kujipiga kukaisha bila kidonge kimoja cha ziada. Angeongezewa dawa ya usingizi, angenyamaza, na sikio lingeendelea kuoza.

Choo nakisisitiza kwa sababu watu wanaona aibu kukiandika. Baadhi ya dawa za magonjwa ya akili na zinazotolewa pamoja nazo, kama klopromazini, amitriptilini, benzhexoli na hasa klozapini, hufunga tumbo, na kwa anayetumia klozapini, kufunga choo kunaweza kuua. Tumbo limevimba, mtu anakataa kula, anajikunja: hiyo ni safari ya hospitali. Siku za kawaida mpe maji mara kwa mara, mlenda na mboga za majani kwa wingi, na daftari lionyeshe siku aliyopata choo na siku aliyokosa.

Kwenye kifafa ndipo dawa inapochezewa zaidi. Mgonjwa akikaa miezi kadhaa hajaanguka, nyumbani wanasema amepona, wanaacha. Fenobabitali, dawa ya kifafa, ikikatwa ghafla, degedege linaweza kurudi mfululizo bila kukoma, na mtu akafa. Dawa ya kifafa hupunguzwa kidogokidogo, kwa maelekezo ya daktari. Akianguka, mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu naye, usimtie kijiko wala kitambaa mdomoni, na tazama saa. Zikipita dakika 5 bado anatetemeka, au akiunganisha moja na nyingine bila kuzinduka, tafuta usafiri wa hospitali papo hapo. Baadaye andika: saa ngapi, muda gani, upande gani ulianza, alikuwa amekunywa dawa au la.

Jua pia kwamba fenobabitali huwafanya baadhi ya watoto wasitulie kabisa. Wanakuwa wakali, wanarusharusha vitu. Mtu asiyejua ataona wazimu mpya na kuomba dawa nyingine, kumbe ilitakiwa daktari afikirie kubadilisha ile ya kwanza. Anayeanza kabamazepini, nayo dawa ya kifafa, akitokwa na vipele, au vidonda mdomoni, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Kabamazepini na fenobabitali hupunguza nguvu ya vidonge na vipandikizi vya uzazi wa mpango. Valproati, dawa nyingine ya kifafa, inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Binti mwenye ulemavu ni binti kama wengine, na klinikini mambo haya yasemwe wazi hata kama waliokaa naye wanaona haya.

Sasa haloperidoli. Siku chache baada ya kuanza, shingo inaweza kupinda upande, macho yakaganda yakitazama juu, ulimi ukatoka nje. Ni jambo la kutisha, na nyumbani wengi watasema mashetani yamepanda. Ni madhara ya dawa, yana tiba, na ukimfikisha hospitali mapema hutulizwa haraka. Yapo mengine yanayofichika zaidi: mtu hawezi kukaa, anatembea huku na huku, akikaa anachezesha miguu, anasimama tena. Hiyo nayo inaweza kuwa ni dawa inayomsumbua. Ukimweleza daktari tu kwamba "amezidi fujo," huenda dozi ikapandishwa na mateso yakazidi. Mweleze ulichokiona na kilianza lini. Ukimpa neno moja la jumla, umemnyima cha kufanyia kazi.

Nyongeza ya kutuliza, ile inayotolewa mtu akichafukwa, isitumike kwa sababu walezi wamechoka au wageni wanakuja. Nalisema hili kwa ukali kwa sababu nimeliona. Na usifiche dawa kwenye uji bila mtu kujua. Mtu mzima anaweza kukataa dawa. Ukikataliwa, subiri kidogo, rudi kwa utulivu, muulize kinachomkera. Mara nyingi ni uchungu wa kidonge au ukubwa wake. Kuponda nako kuulizwe kwanza kwa mfamasia, maana vidonge vilivyotengenezwa kutoa dawa polepole vikipondwa huachia dozi yote kwa mkupuo.

Joto la hapa kwetu, hasa Oktoba na Novemba kabla mvua hazijaanza, lina hatari yake. Dawa nyingi za magonjwa ya akili hupunguza uwezo wa mwili kujipoza. Wapewe maji bila kusubiri waombe, wakae kivulini. Anayetumia lithiamu, dawa ya kutuliza hali ya moyo inayopanda na kushuka, akiharisha au kutapika, mikono ikaanza kutetemeka sana na mwendo ukayumba, mwahishe hospitali. Mwili ukikauka, lithiamu hupanda kwenye damu. Kabati lenyewe lisikae chini ya bati linalochomwa na jua mchana kutwa. Kila dawa ibaki kwenye bahasha au chupa iliyotoka nayo, yenye jina la mtu.

Bahasha ikiandikwa 1x2, yaani kidonge kimoja mara mbili kwa siku, muulize mfamasia saa zenyewe, kisha uzifungamanishe na jambo linalofanyika kila siku, kama uji wa asubuhi na chakula cha jioni. Msimu wa kilimo, familia za Bahi na Chamwino huondoka alfajiri kwenda shamba, na dozi ya asubuhi ndiyo inayosahaulika. Panga nao kabla msimu haujaanza. Dozi iliyoruka isifidiwe kwa kumeza mbili pamoja. Unayempa dawa, hakikisha amemeza, ndipo uweke tiki. Tiki ya mapema ni uongo, hata kama nia ilikuwa njema.

Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, ipo hapa tangu miaka ya 1920, na bado kuna familia zinazoona jina hilo kama tusi, zikamficha mgonjwa ndani. Waelezeni kwamba wanaweza kuanzia hospitali ya wilaya, wamwulizie mratibu wa afya ya akili. Siku ya kliniki beba daftari la dawa, bahasha zote pamoja na za mitishamba kama anatumia, na uzito wake wa karibuni. Nenda dawa ikiwa imebaki ya wiki moja, kwa sababu dirishani unaweza kuambiwa haipo na ukahitaji muda wa kuitafuta kwingine. Ukipewa, usiondoke dirishani. Fungua, linganisha jina, rangi ya kidonge na kiwango na ile ya mwezi uliopita. Ukiona tofauti, uliza hapohapo, hata foleni nyuma yako ikinung'unika.