Siku mbili Mji Mkongwe: usinunue historia ya papasi

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa Historia katika shule moja ya sekondari mkoani Morogoro. Mimi na mke wangu, pamoja na watoto wetu wawili walio kidato cha pili na cha nne, tunatarajia kuja Unguja kwa siku mbili, tukilala usiku mmoja, hasa kwa ajili ya kuuona Mji Mkongwe. Nimeunganishwa kwa simu na kijana mmoja ambaye ameahidi kutupeleka Mji Mkongwe, Changuu, shamba la viungo, Jozani na Nungwi kwa siku moja, kwa bei inayokaribia nusu ya ile niliyotajiwa na mtembezaji mwenye kibali. Anasema historia ni ileile na kwamba kitambulisho ni cha kuongezea bei tu. Je, mpango huu unafaa? Mwakani natamani kuwaleta wanafunzi wangu kwa utaratibu huohuo.

JIBU: Mwalimu, kwa ratiba tu mpango huo haufai, na hilo nitalimaliza upesi kwa sababu si ndilo linalonisumbua zaidi katika barua yako. Nungwi iko kwenye ncha ya kaskazini ya kisiwa, Jozani iko kusini mashariki ya mji, na Changuu ni kisiwa kidogo kisichofikika ila kwa boti. Anayekuahidi sehemu zote hizo kwa siku moja, pamoja na mji wenyewe na shamba la viungo, anakuahidi siku nzima ndani ya gari, na mji ulioufuata utapewa muda utakaobaki, ambao kwa kawaida ni saa moja ya jua kali la mchana.

Futa Nungwi na Jozani, uziweke kwa safari nyingine. Panda boti ya mwendo kasi ya asubuhi kutoka Dar es Salaam, ambayo huchukua kama saa mbili, na tiketi uikate kwenye dirisha la kampuni yenyewe, kwa jina lililo kwenye kitambulisho chako, wala si kwa mtu anayekufuata barabarani. Mkifika bandarini Malindi, wekeni mizigo mnapolala, mpumzike, na matembezi yaanze saa tisa na nusu alasiri upande wa baharini: Ngome Kongwe, Forodhani, Beit al-Ajaib kwa nje na Kasri. Jioni watoto wale urojo palepale Forodhani. Siku ya pili mtoke mapema, mpite soko la Darajani likiwa limechangamka, kisha mwende Mkunazini kwenye kanisa la Kianglikana, na kutoka hapo mrudi taratibu kwa vichochoro vya ndani hadi wakati wa boti. Ikiwa lazima muongeze jambo moja, chagueni baina ya Changuu na shamba la viungo, kwa kuwa kila moja hula nusu siku. Siku zenu zikiangukia Ijumaa, jueni kwamba kuanzia kama saa sita mchana hadi saa nane maduka mengi hufungwa kwa ajili ya sala.

Sasa nije kwenye maneno ambayo kijana huyo amekwambia na ambayo ninayasikia kila msimu: kwamba historia ni ileile. Si kweli, na ninasikitika kwamba maneno hayo yameanza kuaminiwa hata na walimu. Papasi, yaani mtembezaji asiye na kibali anayemdaka mgeni bandarini, hakusomea mji huu. Amekusanya visa vinavyomtoa mgeni machozi au kumchekesha, kwa sababu ameona kwamba mgeni aliyelia hutoa bahashishi kubwa zaidi, na kila msimu visa hivyo huongezwa chumvi.

Chukua mfano wa Changuu, ambako wageni wengi huambiwa kwamba jela wanayoionyeshwa ndimo watumwa walimofungwa wakisubiri kusafirishwa. Jengo hilo lilijengwa mwaka 1893 chini ya Lloyd Mathews, aliyekuwa waziri mkuu wa serikali ya Sultani, yaani miaka 20 baada ya soko la watumwa la mjini kufungwa. Lilikusudiwa kuwa jela, lakini halikutumika hivyo, bali kisiwa kikawa karantini ya wasafiri walioshukiwa kuwa na maradhi ya kuambukiza. Habari ya karantini inatosha kabisa kumfikirisha mwanafunzi, kwa sababu inaonyesha bandari iliyokuwa ikipokea vyombo kutoka kila pembe ya Bahari ya Hindi na hofu iliyokuja pamoja navyo. Papasi huiruka kwa kuwa haina minyororo.

Mkunazini ndiko kunakoniumiza zaidi. Soko la watumwa lilifungwa Juni 1873, baada ya Sultani Barghash kutia saini mkataba na Waingereza, na siku ya Krismasi ya mwaka huohuo likawekwa jiwe la msingi la kanisa lililosimama pale hadi leo, chini ya usimamizi wa Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu. Ndani mna msalaba uliotengenezwa kwa mti wa Chitambo, katika Zambia ya leo, mti ambao chini yake ulizikwa moyo wa David Livingstone, aliyefariki Mei 1873, mwezi mmoja tu kabla ya soko kufungwa. Uani kuna shimo lenye sanamu za watu watano waliofungwa minyororo shingoni, kazi ya msanii Clara Sörnäs. Wasimamisheni watoto mbele ya sanamu hizo bila kuwaeleza chochote kwa muda, kwa kuwa nyuso zile zinajieleza.

Kando ya kanisa kuna vyumba vya chini ya jengo la St Monica, vyenye dari fupi kiasi kwamba mtu mzima hawezi kusimama wima, na wageni huteremshwa humo kama mahali walipowekwa watumwa kabla ya mnada. Mtembezaji aliyesoma atakuteremsha humo pia, lakini atakueleza kwamba wapo wanahistoria wanaopinga jambo hilo kwa hoja kwamba jengo lilijengwa na wamisionari kwa ajili ya hospitali baada ya soko kwisha. Papasi hatakwambia hivyo. Atakutajia idadi ya watu waliojazwa katika kila chumba, na atakutajia hata wangapi walikufa kila usiku, na ukimuuliza idadi hiyo ameitoa wapi utaona anageuka kutafuta mlango.

Nisieleweke vibaya, mwalimu. Biashara ya watumwa ya Unguja ilikuwepo, ilikuwa kubwa, ilikuwa ya kikatili, na ushahidi wake umo katika mikataba, katika ripoti za mabalozi wa kigeni na katika kumbukumbu za watu waliokombolewa. Utumwa wenyewe haukupigwa marufuku hapa hadi mwaka 1897. Ni kwa sababu hiyo ninakasirishwa na visa vya kubuni. Kuna watu ambao wangefurahi kusema kwamba mambo hayo yote ni hadithi za kuwavutia watalii, na kila anayepamba jambo la kweli kwa uwongo anawapa watu hao silaha. Mwanafunzi wako atakapogundua, akiwa chuo kikuu, kwamba idadi aliyotajiwa pale chini haina asili, ataanza kushuku pia yale yenye ushahidi.

Hali ni hiyohiyo kwenye milango. Papasi hupenda kukwambia kwamba mnyororo uliochongwa pembezoni mwa mlango ni alama ya nyumba ya mfanyabiashara ya watumwa. Mafundi wa Zanzibar wanauchonga mnyororo huo mpaka leo kwa mteja yeyote anayeutaka, pamoja na samaki na mitende, na nyumba haiwezi kuhukumiwa kwa nakshi peke yake. Njumu za shaba, yaani ile misumari mikubwa iliyochomoza milangoni, kwa upande wake, huelezwa kuwa ni kinga dhidi ya tembo. Mtindo huo una asili yake Bara Hindi, ambako wapo tembo. Vichochoro vya Mji Mkongwe havikuwahi kuvamiwa na tembo, na njumu hizi ziliwekwa kwa ajili ya pambo na heshima ya mwenye nyumba. Mambo ya kweli ya milango yanafundisha zaidi: ile yenye kizingiti cha juu kilichonyooka ni ya mtindo wa Kiarabu, ile yenye upinde juu ni ya mtindo wa Kihindi, na mkitembea mtaa mmoja tu mtaweza kuona namna ambavyo mji uliopata nguvu baada ya Seyyid Said kuhamishia makao yake hapa kutoka Muscat ulivyowaleta pamoja Waarabu, Wahindi na Waswahili katika biashara moja.

Mwonyesheni mtoto ukuta uliobambuka plasta. Ataona mawe ya matumbawe yenye vitundu vya wadudu wa baharini walioyajenga, yakiwa yameshikwa na chokaa, na akiinua macho ataona boriti za mkoko zilizobeba dari. Boriti za aina hiyo hazifiki mbali, kiasi cha mita tatu hivi, na ndiyo maana vyumba vya nyumba za zamani ni virefu lakini vyembamba. Pale ambapo mwenye nyumba ametengeneza kwa saruji, unyevu hufungiwa ndani ya ukuta na plasta hupasuka tena baada ya muda si mrefu. Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Barghash mwaka 1883, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 wakati likifanyiwa matengenezo, na watu wawili walifariki. Kwa hiyo anayekuuzia tiketi ya kuingia ndani ya jumba hilo, muulize kwanza kama limefunguliwa, na umtake akuonyeshe lango.

Kuhusu kitambulisho: watembezaji wenye leseni husajiliwa na Kamisheni ya Utalii Zanzibar. Mwombe akuonyeshe chake, tazama picha, jina na tarehe ya kwisha muda wake. Viingilio lipeni wenyewe dirishani na mdai risiti. Chukueni pia vitambulisho vyenu vya taifa, kwa kuwa raia hulipa kiwango tofauti na cha mgeni wa nje, na kuna wanaowatoza raia kiwango cha mgeni kisha wakabaki na tofauti. Bei nusu uliyotajiwa hujazwa kwa njia za namna hii, na kwa kupelekwa kwenye maduka ambayo humlipa papasi kwa kila kitu mtakachonunua.

Kwa wanafunzi wako wa mwakani, usiwalete kwa utaratibu huo kabisa. Nimewaona vijana wa shule wakiandika madaftarini, neno kwa neno, mambo ambayo mtu ameyabuni papo hapo, kisha wakarudi nayo darasani kwa jina la ziara ya mafunzo. Andika barua mapema kwa mtembezaji utakayemchagua, umtajie mada za muhtasari unazotaka ziguswe, na umwombe akupe tarehe za majengo ili uzihakiki kabla ya safari. Ukiwa na wanafunzi zaidi ya 20, chukua watembezaji wawili, kwa sababu katika vichochoro vya Mkunazini na Hurumzi watu hupita wawili wawili, na walio nyuma hawatasikia lolote linalosemwa mbele.