Kabla ya Kuamini Namba za Hali ya Hewa Melini, Tazama Kifaa Kimekaa Wapi
Katika miaka niliyopima hali ya hewa na bahari nikiwa melini, nimeona kwamba vipimo vingi vibaya havitokani na kifaa kibovu, bali na kifaa kizima kilichowekwa mahali pasipofaa, au ambacho mahali pake hapakuandikwa popote. Meli ni chuma kinachopata joto, huupindisha upepo, na huzama au kuinuka kulingana na shehena.

Upepo ndio unaosumbua zaidi. Kifaa cha mlingotini hupima upepo halisi uliochanganyika na mwendo wa meli, hivyo meli ikienda noti 15 (maili 15 za baharini kwa saa) katika hewa tulivu kabisa, kitaonyesha upepo wa noti 15 unaotoka omo, yaani mbele ya meli. Unapotafuta upepo halisi, usichanganye uelekeo wa omo na njia ambayo meli inapita kweli, kwa kuwa mkondo huisukuma kando. Mimi hulinganisha jibu na sura ya bahari kwa kipimo cha Beaufort, kinachokadiria nguvu ya upepo kwa kutazama mawimbi, na vikipishana sana, hurudia hesabu kabla ya kutuma taarifa.

Kuhusu mgandamizo wa hewa, karibu na uso wa bahari hupungua takriban hektopaskali 1 (kizio cha mgandamizo) kwa kila mita 8 za kwenda juu. Baromita iliyo mita 24 juu ya maji itasoma hektopaskali 3 hivi chini ya mgandamizo wa usawa wa bahari, na marekebisho yaliyofanywa meli ikiwa imesheheni hayatafaa ikiwa tupu, kwa kuwa itakuwa imeinuka.

Joto la hewa lipimwe upande wa joshi, yaani unakotoka upepo, mbali na jua na moshi. Utambi wa kipimaunyevu, yaani kitambaa chenye maji kinachofunika kipimajoto chake kimoja, ubadilishwe mara tu unapoingiwa na chumvi.

Joto la maji lataka maelezo zaidi. Maji yanayovutwa kupoza injini mara nyingi huwa yamepata joto kidogo kabla ya kupimwa, ilhali yaliyotekwa kwa ndoo ya turubai hupoa kwa sababu sehemu yake hugeuka mvuke. Wataalamu wa tabianchi wanaosoma kumbukumbu za zamani za meli husumbuka kwa sababu njia iliyotumika mara nyingi haikuandikwa, na huo ni upotevu unaoniuma. Andika njia, kina na mahali pa kifaa.

Afisa wa hali ya hewa wa bandarini akija melini, mwombeni alinganishe baromita yenu na yake, na tofauti iandikwe pamoja na tarehe, hata ikiwa ndogo.