Jibu: Mafuta ya vanila ya bei chee, nipake usoni na kutia kwenye keki?

Dada, kwenye keki usitie kabisa, hiyo chupa ya kunukia si ya kula, tumia arki ya vanila. Na kwa bei hiyo mi naona ni vanilini tu, yaani kemikali ya kiwandani yenye harufu ya vanila, maana vanila ya kweli haikamuliwi kwa mvuke kama karafuu, inalowekwa kwenye pombe kali au mafuta, halafu asili yake Meksiko, huku Afrika ua linachavushwa kwa mkono moja moja, mbinu aliyogundua Edmond Albius, kijana mtumwa kule kisiwa cha Réunion, Bahari ya Hindi, mwaka 1841. Itakuwaje rahisi?

Bora ujitengenezee. Chukua maganda mawili makavu ya vanila ya Bukoba, pasua kwa urefu, zamisha kwenye mafuta ya alizeti, chupa iwe kavuuu maana maji yakiingia inavunda, weka kabatini kama mwezi hivi, tikisa tikisa. Paka mwilini, kwenye nywele pia poa. Hayo ya kwamba vanila inamaliza chunusi ni maneno ya wauzaji.

Usoni jaribu kwanza ndani ya kiwiko, subiri siku nzima, ukiwashwa au kuvimba acha na umwone daktari wa ngozi.